Mashimo ya Wasirikwa na Somo la Historia

Karibu na mji wa Nakuru kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Katika miteremko yake yaonekana mashimo mapana yaliyoota nyasi. Mwaka 1937 Bibi Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akadhani kwamba mashimo hayo yalikuwa nyumba za watu wa kale. Baadaye mtaalamu J. E. G. Sutton alionyesha ya kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa ubavuni mwake. Wazee wa Kikalenjin, kwa masimulizi yao, huwataja wenye mashimo hayo: ni Wasirikwa, watu wa mifugo.

Mwanafunzi apelekwaye kilimani hujifunza neno ambalo kitabu peke yake ni vigumu kulifundisha, kwamba historia hutafutwa kwa kulinganisha kauli za wazee na vitu vilivyomo ardhini, na kwamba hata bingwa huweza kusahihishwa.

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka 1964 ilitaka shule ziwaunganishe watu wa makabila yote kuwa taifa moja. Shauri hilo lilikuwa jema. Walakini kabila kubwa lenye wasomi wengi huingia kitabuni upesi, na dogo hubaki ukingoni, pengine kwa jina lisilo lake. Waogiek wa msitu wa Mau waliitwa Wandorobo kwa miaka mingi, neno litokalo katika Kimaasai, maana yake maskini wasio na ng'ombe. Kumbe mali walikuwa nayo, ndiyo mizinga ya nyuki na asali yake! Mtoto wa Kiogiek aliyelisoma jina hilo alifundishwa kwamba kwao ni watu wa kukosa.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Waogiek ni wenyeji wa asili, na kwamba kuwatoa msituni pasipo kushauriana nao kulivunja haki zao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya Shs. 157,850,000 na kupewa hati ya ardhi yao. Jirani yao wa Njoro au Molo ambaye hakufundishwa habari zao shuleni, akiisikia hukumu hiyo, huenda akadhani kwamba wamegawiwa ardhi ya wengine.