Pikipiki ya Kwanza kwa Pandikizi la Mtu

"Wewe na mwili huo, chukua mia na hamsini." Mtu mrefu na mzito akifika steji ya Ekero, karibu na Mumias, kuulizia pikipiki yake ya kwanza, hatakosa kuambiwa hivyo kabla hajamaliza swali. Wanaomshauri hawana nia mbaya, na kuhusu injini hawajakosea sana. Walichokosea ni mpangilio. Wanaanza na cc, ambazo kwa mtu wa umbo hilo ndizo swali la mwisho. Kuna maswali mawili yanayotangulia: je, mwili wako unaenea juu ya chombo hiki? Na je, chombo hiki kinaweza kukubeba wewe pamoja na vyote utakavyopakia? Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Ipo pikipiki ya cc 150 itakayokumaliza magoti na mgongo, na ipo ya cc 125 itakayokutumikia miaka bila lawama.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea VAT pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008, barabara zetu zimejaa chombo cha namna moja: pikipiki nyepesi kutoka India au China, Boxer, TVS na wenzao, iliyoundwa iwe ya bei nafuu na inywe mafuta kidogo. Katika hesabu za viwandani, mwendeshaji wa kawaida hukadiriwa kuwa na kilo 75. Ugumu wa springi, kiwango cha upepo na mwelekeo wa taa hupangwa kwa kumfikiria mtu huyo. Sasa aje mtu mwenye umbo la mchezaji wa safu ya mbele wa timu ya raga ya Kabras, futi sita na inchi tatu, kilo 115. Akishakaa tu, pikipiki imekwisha kupakia kilo 40 za ziada, na bado abiria hajapanda wala mtungi wa maziwa haujafungwa.

Ikalie kwanza

Usilipie pikipiki ambayo hujaikalia. Nenda dukani Mumias au Kakamega ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, na kama kazi yako ni ya gambuti, vaa gambuti.

Mtazame mtu mrefu anapopanda pikipiki ya cc 100 pale dukani. Nyayo zote mbili zinatua sakafuni bila shida, na muuzaji anafurahi: "Unaona, mkubwa, miguu inafika!" Lakini miguu kufika chini ni swali la mtu mfupi. Mrefu anapaswa kuangalia kinachotokea miguu ikipanda kwenye vikanyagio. Hapo magoti yanakunjika na kusimama juu ya kingo za tangi. Akigeuza usukani wote kulia, mkono wa usukani unagonga goti. Kiatu namba 11 hakiingii vizuri chini ya pedali ya gia, kwa hiyo kila kupandisha gia ni kuinua mguu mzima badala ya kifundo. Baada ya nusu saa barabarani, nyonga na kiuno vitaanza kulalamika.

Kwa hiyo jipime hivi. Weka miguu kwenye vikanyagio uone kama goti limekunjika kupita pembe ya mraba. Likipita sana, pikipiki hiyo haikufai jinsi ilivyo. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukihakikisha kwamba hakuna goti linaloguswa na kwamba mkono wa kulia hauvuti mafuta wenyewe. Simama juu ya vikanyagio kama unavyosimama ukivuka mashimo. Ukilazimika kuinama kama unayechuma mboga, usukani uko chini mno. Mwisho, mwombe mtu apande nyuma yako. Mtu mrefu hukaa nyuma zaidi, na abiria akipanda humsukuma mpaka kwenye tangi. Ndipo utajua kiti kina nafasi ya watu wawili wa kweli au wawili wa kwenye picha.

Habari njema ni kwamba mengi ya haya yanarekebishika kwa gharama ndogo. Pedali ya gia imeshikwa kwenye meno. Fundi hulegeza bolti moja, akaivuta na kuirudisha jino moja juu. Usukani unaweza kuzungushwa kidogo ndani ya vishikio vyake au kuinuliwa kwa vipande vya chuma. Na fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ngumu sentimita nne au tano. Sponji hiyo si ya starehe tu: kila sentimita inayoongezeka kati ya kiti na vikanyagio hulipunguzia goti mkunjo.

Urefu una faida yake pia. Pikipiki za safari za mashambani zina viti vya juu vinavyowatisha wengi. Yamaha XTZ 125 ina kiti cha milimita 840 kutoka chini, na mtu wa futi tano na nusu hutua ncha za vidole tu. Kwako wewe huo ndio ukubwa wako. Ndiyo familia ya vyombo ambavyo maafisa wa mifugo na wa afya wamezoea kuendea vijijini, Yamaha DT na AG, Honda XL, na havikuchaguliwa kwa urembo: viko juu ya mashimo, magurudumu ni makubwa na springi zina safari ndefu.

Soma tairi

Wanunuzi wengi huangalia kama tairi ni jipya, wakaishia hapo. Wewe inama usome ubavuni mwake. Utakuta maandishi kama 3.00-17 50P. Hiyo 50 ni namba ya mzigo. Si kilo 50, ni msimbo. Namba 41 maana yake tairi hilo linabeba hadi kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200, na 58 ni kilo 236. Herufi inayofuata ni ya mwendo wa juu kabisa.

Sasa tupige hesabu ya makadirio. Chukua pikipiki ya kilo 120. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi kidogo ya nusu, tuseme kilo 65. Mwendeshaji huegemeza takriban sehemu saba kwa kumi za uzani wake nyuma. Abiria wa kilo 75 huangukia karibu wote nyuma, tuseme kilo 70. Mwendeshaji akiwa na kilo 75, tairi la nyuma linabeba 65, jumlisha 52, jumlisha 70, yaani kilo 187. Tairi la namba 50 linatosha, kwa tabu. Mwendeshaji akiwa na kilo 115, hesabu inakuwa 65, jumlisha 80, jumlisha 70, yaani kilo 215. Tairi limezidiwa kwa kilo 25, na hata mkungu wa ndizi haujapakiwa.

Hii ndiyo sababu matairi ya nyuma ya watu wakubwa hupasuka mapema na rimu zao hupinda, kisha lawama zote zikapewa barabara. Dawa ni kuweka tairi lenye namba kubwa zaidi, mradi rimu na mkono wa nyuma vina nafasi yake. Upepo nao ujazwe kwa kiwango kilichoandikwa cha watu wawili hata ukiwa peke yako, maana kile cha mtu mmoja hakikukusudiwa wewe.

Kisha tafuta kwenye kitabu cha pikipiki au kibao chake uzani wa mwisho unaoruhusiwa. Toa uzani wa pikipiki ikiwa na mafuta. Kinachobaki ni haki yako na ya mzigo wako. Kama kitabu kinaruhusu kilo 280 na pikipiki ina 120, umebaki na 160. Wewe wa kilo 115 umeacha nafasi ya kilo 45: mtoto wa shule, si mtu mzima. Ukweli huo ujue kabla ya kulipa.

Springi, cheni na taa

Springi za nyuma zipime kwa futi ya fundi cherehani. Pikipiki ikiwa tupu, pima kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi alama uliyoiweka juu yake kwenye fremu. Kaa, mwenzako apime tena. Ukiwa peke yako, springi inapaswa kushuka karibu theluthi moja ya safari yake. Ikishuka zaidi ya nusu, imebaki na nafasi ndogo ya kumezea mashimo, na uti wa mgongo wako ndio utakaoyameza.

Fundi atakimbilia kuzungusha ile kola yenye ngazi chini ya springi. Ni sawa, azungushe hadi ngazi ya juu. Lakini elewa kazi yake: inainua pikipiki, haiifanyi springi kuwa ngumu. Kama kwenye ngazi ya mwisho bado unazama, unahitaji springi nyingine zenye waya mnene.

Mambo mawili hufuata ambayo hata mafundi wazuri huyasahau. La kwanza ni cheni. Kwa kawaida hukazwa pikipiki ikiwa imesimama tupu. Mtu mzito akikaa, mkono wa nyuma hupanda, na cheni iliyokuwa sawa hukaza kama waya wa gitaa. Bearingi na sproketi huliwa upesi. Mwambie fundi aangalie ulegevu wa cheni wewe ukiwa umekaa. La pili ni taa: nyuma ikizama, mwanga wa mbele hupanda na kuwapofusha wanaokuja. Ishushe, ukiwa umekaa vilevile.

Ndipo tufike kwenye injini

Mumias iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Kakamega imepita mita 1,500. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha duka, ukiwa Ekero, imekwisha kupungua kwa asilimia 13 hivi, na ukifika Kakamega ni 15. Mwenye kilo 75 hatalijali hilo. Mwenye kilo 115 na abiria atalihisi kila mlima.

Hapo ndipo ushauri wa steji unapopata mashiko. Cc 100 itakuchosha nawe utaichosha. Cc 125 inakutosha ukiwa peke yako mara nyingi. Boxer inayouzwa kama BM 150, ambayo kwa kweli ni cc 144.8, au nyingine za daraja lake, zinafaa ukibeba watu au mizigo kila siku. Kabla ya kununua injini kubwa zaidi ya hiyo, uliza bei ya sproketi. Ukitoka meno 42 nyuma hadi 44, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia tano, na unachopoteza ni mwendo wa juu ambao barabara ya murramu haikuruhusu kuutumia hata hivyo.

Breki zisisahaulike kamwe. Uzani wako ukiongezeka, nishati inayopaswa kuzimwa huongezeka kwa kiasi kilekile, na yote hugeuka joto. Breki ya ngoma ya mbele kwenye pikipiki ndogo hupata moto na kulegea kwenye mteremko mrefu. Kwa mtu mzito, diski mbele ni hitaji. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu cha ziada, zitie hapo.

Masika yakija, jambo lingine hujitokeza. Trela za miwa huacha udongo barabarani, mvua ya alasiri inashuka, na udongo huo huteleza kama sabuni. Mtu mrefu akikaa nyuma sana, gurudumu la mbele hubaki jepesi na usukani hukosa utii. Sogea mbele kidogo, inamisha kifua, punguza mafuta mapema. Mzigo mzito usifungwe nyuma ya ekseli.

Uchukue ipi, basi?

Anayetafuta riziki ya bodaboda achukue cc 150 ya kazi, abadilishe tairi la nyuma na springi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, akubali kwamba abiria ni mmoja tu. Sheria inasema hivyo, na hesabu ya tairi inasema hivyohivyo. Mwalimu au mkulima anayesafiri peke yake kwenye murramu atafute yenye kiti cha juu, hata ikiwa cc 125 na hata ikiwa imetumika. Kwanza aulize kama vipuri vyake vinapatikana Mumias au ni vya kuagizwa Nairobi. Anayevutiwa na ya umeme afanye vipimo vilevile, aongeze swali moja: betri yake hubadilishwa wapi karibu na nyumbani?

Leseni ya mamlaka ya usafiri, NTSA, ya pikipiki ya kawaida ni daraja A2, na ya kubeba abiria kwa malipo ni A3. Jifunzie kwenye pikipiki ndogo ya chuo, kwenye uwanja, mwendo wa polepole, maana mwili mrefu huyumbisha chombo zaidi pale kinapokaribia kusimama. Helmeti nayo ijaribu kichwani. Nyingi za madukani ni za vichwa vya kawaida, na inayokubana leo utaivua kesho.

Tenga fungu la bei kwa ajili ya tairi, springi, kiti na usukani kabla hujakubaliana na muuzaji. Pikipiki ya bei ya chini iliyorekebishwa kwa mwili wako itakuhudumia vizuri kuliko ya bei ya juu iliyoachwa ilivyotoka kiwandani. Na muuzaji akikukataza kuikalia, kugeuza usukani au kupima springi kabla ya kulipa, muage kwa heshima uende duka linalofuata. Maduka ya pikipiki si haba.