Je, Wajua? Marmota Kavamia Bustani, na Sheria Inamwangalia Mwenye Bustani

Sisi tumezoea nyani kwenye mahindi na ngiri kwenye mihogo. Mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada, mwizi wa bustani ni marmota, mnyama mnene wa manyoya ya kahawia, miguu mifupi na meno ya mbele yasiyokoma kukua. Kumnasa ni rahisi. Kumnasa bila kujikuta mahakamani, hapo ndipo penye utamu.

Kindi wa kilo 6

Marmota huyu ni wa ukoo wa kindi, yule yule mrukaji wa matawi, ila yeye akinenepa vizuri hufika kilo 6. Akikimbizwa na mbwa hupanda mti, na akikuta mto huogelea. Kwenye chakula hana adabu: maharage, njegere, karoti, kabichi, vyote vyake. Kama una ndugu Ohio au Maine aliyepanda sukumawiki nyuma ya nyumba, muulize habari zake.

Mifuko sita ya saruji, kwa kucha tu

Marmota mmoja akichimba makazi yake anaweza kutoa udongo wa kilo 320, zaidi ya mifuko sita ya saruji. Chini kuna njia ndefu za mita kadhaa, chumba cha kulala, choo cha pembeni, na milango miwili hadi mitano. Mlango mkuu una lundo la udongo mbele yake. Mingine imefichwa majanini, na ndiyo inayomtumbukiza mtu. Gurudumu la trekta likiingia humo, siku ya kazi imeisha, na shimo likipita chini ya ghala, msingi nao uko mashakani. Hata hivyo usikimbilie kuziba. Mbweha na sungura huhamia kwenye mashimo yaliyoachwa, wala hawalipi kodi.

Shamba ni lako, mnyama si wako

Katika majimbo ya Marekani, mnyama wa porini hawi mali yako kwa sababu tu amelala chini ya kibaraza chako; jimbo ndilo linalomsimamia kwa niaba ya wananchi wote. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, hatashangaa sana. Cha kushangaza ni jinsi hadhi ya marmota inavyobadilika akivuka mpaka wa jimbo.

Huko Pennsylvania ni mnyama wa kuwindwa kwa leseni. Idadi haina kikomo, lakini mwindaji sharti avae kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa, na asifyatue risasi ndani ya mita 137 hivi kutoka nyumba inayokaliwa bila ruhusa ya wenyewe. Mkulima anayeishi kwa kilimo ana nafuu yake: anaruhusiwa kumuua mnyama anayemharibia mazao. Ukivuka kuingia New York, marmota huyo huyo halindwi tena, mwaka mzima. Ila bunduki inadaiwa umbali wa mita 152 kutoka nyumba ya jirani, na kwa mwenye kiwanja cha mjini hilo ni sawa na kuambiwa bunduki aisahau.

Huruma inaweza kukutia hatiani

Hili ndilo linalowanasa watu wema. Umemnasa marmota kwa mtego wa kizimba na vipande vya tikiti, umemwonea huruma, umempakia garini na kumwachia kwenye msitu mzuri wenye majani tele. Massachusetts, hilo ni kosa la kisheria! Ukishamnasa, ama umwachie humo humo kiwanjani kwako, ama umuue bila kumtesa. Ontario wamelegeza kidogo: unaweza kumhamisha, lakini usivuke kilomita 1 kutoka mahali ulipomnasa.

Ukali huo una sababu. Kati ya mwaka 1985 na 1994, Marekani iliripoti kesi 368 za kichaa cha mbwa kwa wanyama wagugunaji, na asilimia 86 walikuwa marmota. Panya wa jikoni, tunayemwogopa sote, ni nadra mno kukutwa nacho. Anayemhamisha marmota anaweza kuwa anausafirisha ugonjwa kwa gari lake mwenyewe. Na mnyama mwenyewe hafiki kwenye raha: anatupwa ugenini bila shimo, katikati ya maeneo ya wenzake. Akiwa ni mama aliyenaswa mwezi Mei, vitoto vyake vimebaki chini ya ardhi vikisubiri maziwa.

Jimbo hilo hilo la Massachusetts, mwaka 2014, lilimtangaza marmota aitwaye Ms. G kuwa marmota rasmi wa jimbo. Mmoja ana cheo, mwenziwe hana hata ruhusa ya kupanda gari.

Gesi ile ile ya jiko la mkaa

Hakuna sumu ya chambo iliyosajiliwa Marekani kwa ajili ya marmota, kwa hiyo anayemtegea sumu ya panya amekwisha kuvunja sheria. Kinachouzwa kihalali ni katriji ya gesi, kimkebe cha kadibodi chenye unga wa mkaa na nitrati ya sodiamu. Unaziba milango mingine ya shimo, unawasha utambi, unakisukuma ndani na kufukia. Kikiungua hutoa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Ndiyo sababu lebo inakataza kukitumia chini ya nyumba au karibu nayo, na kwa sheria ya shirikisho, kwenda kinyume na maandishi ya lebo ni kosa lenyewe.

Moyo unaopiga mara 5 kwa dakika

Majira ya baridi marmota hulala kwa miezi, na moyo wake hushuka kutoka mapigo 80 hivi kwa dakika hadi kama 5. Kabla ya kulala hujizibia chumba kwa udongo, kwa hiyo gesi ya Januari haimfikii. Ni kuharibu fedha.

Hata Thoreau alishindwa kuvumilia

Henry David Thoreau, mwandishi aliyejulikana kwa kuishi kwa upole msituni, alikiri katika kitabu chake Walden cha mwaka 1854 kwamba marmota walimfyekea robo ekari ya maharage. Alimuua mmoja, akamla. Huko nyuma ya upole wake kulikuwa na mkulima wa kawaida kabisa.

Senti 10 kwa kichwa, Jumapili hapana

Mwaka 1883 bunge la New Hampshire liliunda kamati nzima ya kumjadili marmota, na matokeo yakawa sheria ya kulipa senti 10 kwa kila aliyeuawa. Sharti moja: aliyeuawa Jumapili halipiwi.

Uzio legelege humshinda kuliko uzio imara

Wavu wa waya wenye kimo cha sentimita 90, uliofukiwa sentimita 30 ardhini, humzuia kuchimba. Siri iko juu: sehemu ya mwisho isikazwe kwenye nguzo, iachwe ikining'inia kwa nje. Akipanda, wavu unampindukia na kumrudisha chini. Kwa hili huhitaji leseni ya uwindaji wala kofia ya chungwa.

Binamu anayelindwa kama dhahabu

Katika kisiwa cha Vancouver, Kanada, kuna marmota wa aina nyingine ambao mwaka 2003 walibaki porini wasiofika 30. Hao kuwagusa ni balaa. Kwa kuzalishwa na kurudishwa milimani, sasa wamepita 300.

Aliyeombewa adhabu ya kifo

Mwaka 2013, Phil, marmota maarufu wa Punxsutawney huko Pennsylvania anayetabiri hali ya hewa kila Februari 2, alitabiri kwamba majira ya kuchipua yangewahi. Machi ikaja na theluji. Mwendesha mashtaka wa Butler County, Ohio, Michael Gmoser, akamfungulia mashtaka ya mzaha ya kuwadanganya wananchi na kumwombea adhabu ya kifo. Kesi iliishia njiani baada ya kiongozi wa watunzaji wa Phil kujitokeza na kubeba lawama: mnyama alisema kweli, tafsiri yake yeye kiongozi ndiyo iliyokosewa.