Cherehani Kongwe ya Umeme: Someni Kibati Kwanza

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe nyumbani. Basi familia ya Mazinde iliyopata cherehani kongwe ya umeme imefunguliwa mlango wa riziki ya halali. Lakini msiharakishe kuichomeka.

Someni kwanza kibati cha mota. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya soko la Marekani huandikwa 110 au 120, na bila transfoma ya kupunguza volti mota itaungua. Waya uliopasuka abadilishe fundi umeme.

Safisheni vumbi la nyuzi, mtie mafuta ya cherehani, si ya kupikia, ambayo huganda. Zungusheni gurudumu kwa mkono. Likiwa jepesi, wekeni sindano mpya, ndipo muwashe.

Mkimaliza, chomoeni: watoto ni amana.