Jinsi Programu ya Kompyuta Inavyopata Kutenda Kazi

Wengi wa wenzangu hudhani ya kuwa mtu akiisha kuandika programu, kompyuta huisoma kama sisi tusomavyo barua. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwaka jana, nilipomtia mjomba wangu hasara ya shilingi 20,000 za Uganda.

Mjomba hukaa Molo. Hununua maharagwe kwa wakulima na kuyauza Busia, upande wa Kenya. Hulipwa shilingi za Kenya, kisha huzibadili mpakani. Aliniomba nimfanyie karatasi ya hesabu, apate kujua kila elfu za Kenya ni ngapi za kwetu kwa kiwango alichoambiwa kwa simu juma lile. Nikaona uvivu kuandika kwa mkono. Nikaingia chumba cha kompyuta hapa shuleni, nikaandika programu ya mistari isiyozidi ishirini kwa lugha iitwayo C, ambayo Dennis Ritchie aliitunga huko Marekani mnamo mwaka 1972.

Sasa, maandishi yale ni maneno tu. Prosesa, ambayo ndiyo moyo wa kompyuta, haijui hata neno moja. Ijuayo ni amri fupi fupi za tarakimu 0 na 1: chukua namba hii, ijumlishe na ile, weka jibu pale. Kwa hiyo hapana budi awepo mfasiri, naye ni programu nyingine iitwayo kompaila. Bibi Grace Hopper wa Marekani alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikiri kazi hiyo, na ya kwake ilitenda kazi mwaka 1952.

Kompaila huyakata maandishi vipande vipande, kila neno na kila alama peke yake, kisha hutazama kama vimepangwa kwa sarufi. Mimi nilisahau alama ya kufunga mstari wa 8. Ikakataa katakata, tena ikaulaumu mstari wa 9! Niliona imenionea, kumbe haikuweza kujua kuwa sentensi haikufungwa mpaka ilipokutana na neno la mbele. Sarufi ikiwa sawa, huyageuza yote kuwa amri za prosesa na kuyatia katika faili.

Lakini faili hiyo ina mapengo. Niliamuru jibu lionekane kwenye kioo, wala sikueleza namna ya kuandika kwenye kioo. Kazi hiyo watu wengine wameiandika zamani, imo katika maktaba ya lugha yenyewe. Basi programu ya tatu, linka, huyatafuta yaliyokosekana na kuyaunga. Hapo ndipo programu imekamilika, nayo ingali imelala katika diski. Ukiiita kwa jina, mfumo wa uendeshaji (Windows, Linux au mwingine) huitengea nafasi katika kumbukumbu, huiingiza humo, na kuionyesha prosesa amri ya kwanza. Toka hapo prosesa huchukua amri, huitambua, huitenda, hushika ya pili, mamilioni kwa mamilioni katika sekunde moja.

Si lugha zote zifanyazo hivyo. Python hutumia mkalimani, kama katekista asimamaye kando ya padri mgeni akigeuza kila sentensi kwa Kiteso papo hapo. Java ipo katikati: hufasiriwa nusu ya njia, kisha kila mashini humaliza kwa namna yake. Programu ya forodha itumikayo Malaba na Busia upande wa Uganda, ASYCUDA World ya Umoja wa Mataifa, imeandikwa kwa Java.

Nirudi kwa mjomba. Kiwango kilikuwa 28 na nusu. Lakini katika programu yangu nilikuwa nimesema kwamba kiwango ni namba kamili. Kompaila ikaikata ile nusu bila kunung'unika, kwa maana sarufi yangu haikuwa na kosa. Mjomba akaenda na shilingi 40,000 za Kenya. Mvunja fedha akampa 28 kwa kila moja. Mjomba akatazama karatasi yangu, akaona 1,120,000 sawasawa, akapokea kwa shukrani. Jioni wenzake wakamwambia kwamba wao wamepata 28 na nusu.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “mashini yako imekula nusu.”

Nilitaka kumjibu kwamba si mashini, nikanyamaza. Fedha zile zilikuwa nauli yangu ya kurudi shuleni pamoja na madaftari. Shule ilipofunguliwa nilibadili neno moja tu katika mstari wa 4, nikaifasiri upya, ikatoa 1,140,000. Ipo pia namna ya kuiamuru kompaila ionye inapokata sehemu ya namba, nami siku hizi siiachi. Mjomba bado hutaka karatasi, lakini kabla ya kuondoka Molo huchagua mstari mmoja na kuuzidisha mwenyewe kwa kalamu.