1815: Mwaka ambao Uingereza iliifungia ngano mlango

UKITAJA mwaka 1815 mbele ya mtu aliyesoma historia ya Uingereza, atakujibu kwa neno moja: Waterloo. Mimi nikiutazama mwaka huo naanzia bandarini, kwenye magunia ya ngano.

Vita na Ufaransa vilikuwa vimepandisha bei. Mwaka 1812 ngano iliuzwa kwa wastani wa shilingi 126 kwa kwota, kipimo chenye uzito wa kilo zaidi ya 200. Vita vilipotulia mwaka 1814, bei ikaporomoka, na wenye mashamba wakapiga kelele. Bahati yao, wao ndio waliolijaza Bunge.

Muswada uliowasilishwa na Frederick Robinson ulisema ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka ya ndani ifike shilingi 80. Watu wa London hawakuhitaji kufafanuliwa. Mapema Machi 1815 walilizingira Bunge na kuivamia nyumba ya Robinson. Askari waliokuwa ndani wakafyatua risasi, watu wakafa. Machi 23, muswada ukawa sheria.

Wewe unayevusha mizigo mpakani utaielewa upesi hesabu yake. Ngano ya kigeni iliruhusiwa kushushwa na kuwekwa ghalani bila ushuru, lakini sokoni haikuingia. Kila miezi mitatu serikali ilikokotoa wastani wa bei. Ukifika 80, milango inafunguliwa. Usipofika, mzigo unaendelea kulala ghalani na mtaji wako umelala nao. Hiyo si biashara tena, ni kamari.

Juni 18 Napoleon akashindwa Waterloo. Askari na mabaharia wakaanza kurudi kwa maelfu. Walikuta kazi haba, kwa sababu viwanda vilivyoishi kwa zabuni za jeshi vilikuwa vimepoteza mteja. Wengi wao hawakuwa hata na haki ya kumpigia kura mbunge aliyepitisha sheria ile.

Mwaka 1816 mavuno yakaharibika kwa baridi na mvua, baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka Aprili 1815. Mwaka 1817 wastani wa bei ulipita shilingi 96. Mashujaa wa vita wakapanga foleni ya msaada.

Je, mkulima alinufaika? Si kwa muda mrefu. Mwaka 1822 bei ilianguka hadi karibu shilingi 44, sheria ikiwa bado ipo. Ililegezwa mara kadhaa, na Bunge likaamua kuifuta mwaka 1846, Ireland ikiwa katika njaa kuu.

Ndiyo maana naona aliyerudi nyumbani asiulize tu kama bunduki zimenyamaza. Aulize pia unga unauzwa bei gani, na ni nani aliyekaa mezani kuipanga bei hiyo.