Kebo ya Leza na Nyaya Mbili Zisizochora Kitu

Bila shaka umewahi kuona, kama si ana kwa ana basi kwenye runinga, miale ya kijani na nyekundu ikicheza gizani juu ya vichwa vya watu huku muziki ukirindima. Hiyo ni leza. Ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani tarehe 16 Mei 1960, na mnamo Novemba 1973 Ivan Dryer alianza kuonyesha picha za leza zikicheza pamoja na muziki katika jumba la Griffith Observatory, Los Angeles. Watu husifu mwangaza. Mimi nataka kueleza habari za kitu ambacho hakuna anayekitazama: kebo inayoiambia leza ichore nini, na jinsi fundi anavyoitengeneza kwa mkono.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ndani ya projekta ya leza hamna filamu wala picha. Mna mwali mwembamba na vioo viwili vidogo sana vinavyotikiswa na mota ziitwazo galvanomita. Kioo kimoja huupeleka mwali kushoto na kulia, yaani X, na kingine juu na chini, yaani Y. Vioo hivi huenda mbio ajabu. Projekta nyingi huchora nukta 30,000 kwa sekunde moja, na jicho kwa upole wake huona nyota au duara iliyotulia. Kumbe picha yote ni mwendo tu! Vioo vikisimama, nguvu zote za mwali hukaa mahali pamoja kama sindano. Hebu likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Amri za mwendo hutoka kwenye kompyuta, hupitia kisanduku kidogo, kisha husafiri kwenye kebo zikiwa volti. Chama cha kimataifa cha watu wa leza, ILDA, kilichoundwa mwaka wa 1986, kiliweka kanuni ya plagi ya pini 25: safu moja ina pini 13, ya pili ina 12. X iko kwenye pini 1 na 14, Y kwenye 2 na 15, nyekundu 5 na 18, kijani 6 na 19, buluu 7 na 20. Ukiangalia vizuri utaona siri yake: mwenzake pini hupatikana kwa kuongeza 13.

Lakini kwani kila amri ipewe waya mbili? Wazia abiria wawili walioketi bega kwa bega ndani ya matatu. Gari likiingia kwenye shimo, wote wawili hurushwa juu pamoja, na tofauti ya urefu wao haibadiliki hata kidogo. Ndivyo ilivyo kwa jozi ya waya. Waya mmoja ukibeba volti 5 juu ya sufuri, mwenzake hubeba volti 5 chini yake. Kelele za umeme kutoka kwa taa na spika huzirusha zote mbili sawasawa, nayo projekta husoma tofauti tu. Ndiyo maana waya za jozi moja lazima zisokotwe pamoja. Ukiisokota X na waya wa kijani, rangi itaanza kutetemesha picha.

Hapo ndipo ununuzi wa kebo ya tayari unapoleta taabu. Kebo za zamani za printa zina plagi ya pini 25 ileile, lakini jozi zake hazikupangwa hivi, na nyingine hazijaunganisha pini zote. Tena ni fupi, ilhali ukumbi waweza kudai mita 20 au 30. Fundi basi hutafuta kebo yenye jozi 8 zilizosokotwa na wavu wa shaba kuzizunguka. Wengine hutumia kebo mbili za mtandao wa kompyuta zenye jozi 4 kila moja. Si vibaya, mradi waya ziwe za nyuzi nyingi nyembamba. Zile za uzi mmoja mgumu hukatika zikikunjwakunjwa kila wikendi.

Kulehemu kwenyewe kunataka subira. Kabla ya kulehemu, ingiza kipande cha mpira unaonywea kwa joto katika kila waya, manake baadaye hauingii. Tahadhari na namba: plagi dume ukiitazama kwa nyuma, unakolehemu, mpangilio wake ni kinyume cha unaouona kwa mbele. Soma tarakimu ndogo zilizochapwa kando ya pini. Ukibadilisha 1 na 14, maandishi yatasomeka kama kwenye kioo. Ukibadilisha 2 na 15, yatasimama kichwa chini. Wavu wa shaba uunganishwe na bati la plagi.

Sasa pini 4 na 17. Hizi hazichori kitu. Hutoka kwenye projekta hadi kwenye kisanduku, huunganishwa huko, na projekta huangalia kama duara hilo limekamilika. Mtu akijikwaa na plagi ikachomoka, duara hukatika na leza huzima. Mafundi wenye haraka huziunganisha palepale kwenye plagi ya projekta ili kuokoa waya mbili. Mimi naona huo si ufundi. Plagi ikilegea X na Y zikapotea huku rangi ingali hai, mwali husimama kama sindano ile, na leza inayozidi miliwati 500 hulijeruhi jicho kabla halijapepesa. Utando ulio nyuma ya jicho ukiungua haumei tena.

Mnamo Julai 2008, kwenye tamasha karibu na Kirzhach, Urusi, watu wapatao 30 waliumia macho baada ya leza kuelekezwa kwao. Kosa halikuwa la kebo, ila laonyesha uzito wa mambo. Ni kweli nyaya hizi mbili hazitibu kila kitu: waya wa X ukikatika peke yake, hazitajua. Kwa ajili hiyo projekta nzuri huwa na saketi ya kuzima mwali vioo vikisimama.

Mwisho ni kupima kebo kwa mita kabla ya kuichomeka popote. Kila pini ilie na pini ya namba yake upande wa pili, isilie na jirani. Kisha gusa 4 na 17 kwenye plagi ya projekta, huku ule upande wa pili ukiwa hewani. Mita inyamaze. Ikilia, fungua plagi hiyo uone nani amekata njia ya mkato.