Jinsi ya Kupanga Safari ya Kutazama Ndege

Katika Kenya zimehesabiwa aina za ndege zaidi ya 1,000, nao watu wa nchi yenyewe na wageni kutoka mbali hufunga safari makusudi ili kuwatazama. Wengi wao huanza kwa kosa moja. Huandika orodha ndefu ya majina ya ndege, kisha huuliza wataonekana wapi. Yafaa kuanza upande wa pili. Ndege ana mbawa, lakini ndege wengi hawatoki kwao. Yuko asiyekaa ila katika mafunjo, na yuko mwingine asiyependa kuvuka kutoka udongo mwekundu kwenda mchanga mweupe, ijapokuwa mwendo ni wa dakika chache kwa miguu. Kwa hiyo mwenye safari achague kwanza mahali, yaani msitu, hori la bahari, ziwa, bwawa au nyika, na majina ya ndege yaandikwe baadaye.

Jambo la pili ni majira. Kama vile majahazi ya Arabuni yalivyokuwa yakija na kaskazi, ndivyo wajavyo ndege wengi wazaliwao Ulaya na Asia. Hufika kuanzia Septemba na Oktoba, na kufikia mwisho wa Aprili karibu wote wamekwisha kurudi kwao. Mtu apendaye kuona kwera wakisuka viota, na madume wamevaa rangi zao za fahari, huchagua wakati wa mvua. Lakini masika yana udongo mweusi unatao, na gari lililozama halionyeshi ndege wengi. Safari inayoelezwa hapa ni ya siku 14, huanza pwani katikati ya Novemba, na kuishia magharibi ya nchi.

Siku nne za kwanza zitumiwe karibu na Gede na Watamu, upande wa kaskazini wa Mombasa. Hapo upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Aupitaye barabarani hudhani ni msitu mmoja tu, kumbe ni mitatu. Uko wa miti iliyochanganyika, mibambakofi na mingineyo. Uko wa mirihi, unaosimama juu ya mchanga mweupe. Na uko wa vichaka vizito juu ya udongo mwekundu. Katika hivyo vichaka vya udongo mwekundu hukaa bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi. Wataalamu hawakumpatia jina mpaka mwaka 1966. Zaidi ya hapo hujulikana katika misitu ya Dakatcha iliyo jirani, na sehemu za chini za milima ya Usambara ya mashariki, Tanzania. Usiku hupiga mluzi, na mchana hulala kichakani, rangi yake sawasawa na majani makavu. Mgeni peke yake aweza kutafuta wiki nzima bila kumwona. Vijana waongozaji waliozaliwa vijiji vya hapo hujua hata tawi analolalia, na ujira wao si mahali pa kubana fedha.

Mirihini mambo ni mengine. Huko hupita makundi ya kwera wa Clarke, ndege mwenye manjano na weusi, aliyeandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1913. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua ndege hao hutaga wapi. Viota vyao vilipatikana mwaka 2013 katika kinamasi kimoja cha Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Ndege huyu haonekani popote duniani ila Sokoke na Dakatcha. Sokoke ni msitu uliohifadhiwa na serikali. Dakatcha kwa sehemu kubwa ni ardhi ya wenyeji, na miti yake imekatwa sana kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi. Msafiri mwenye nafasi asiache kufika huko na kulala kwa wenyeji, maana mwenye mti anayepata mapato kwa kuuonyesha ana sababu moja zaidi ya kutoutia shoka.

Hori la Mida li karibu na msitu, na saa ya kwenda huko huamuliwa na bahari. Maji yakitoka yote, ndege hutawanyika mbali matopeni. Yakijaa kabisa huondoka kwenda kupumzika. Wakati mwema ni pale maji yanapojaa polepole na kuwasukuma karibu na mikoko. Msafiri amwulize mvuvi juu ya bamvua na maji mafu kabla ya kupanga siku. Miongoni mwa watakaoonekana ni kitwitwi mla kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene. Hutaga yai moja tu, tena ndani ya shimo analolichimba mchangani katika pwani na visiwa vya upande wa Arabuni.

Kutoka pwani njia huelekea Voi, kwa gari au kwa lile gari moshi lisimamalo njiani, na kupanda milima ya Taita. Nguo za baridi zisisahauliwe. Juu ya milima hii imebaki mitaa midogo ya msitu wa ukungu, na mashamba yameizunguka pande zote. Mmoja wao, Ngangao, una hekta 120 hivi. Humo wamo ndege wasiopatikana kabisa penginepo, kama yule wa Taita mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa, arukaye chini chini kwenye majani yaliyooza. Ndege huyu haogopi umbali tu, huogopa hata uwazi. Shamba la mahindi lililo kati ya msitu na msitu kwake ni kama bahari.

Baada ya hapo ni Ngulia, katika Tsavo ya Magharibi, na hapa kalenda itakiwayo ni ya mwezi. Katika usiku wa Novemba na Desemba usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, ndege wahamao kutoka kaskazini huvutwa na taa za hoteli iliyo juu ya genge. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, huwatia pete ndogo miguuni, kisha huwaachilia. Pete za Ngulia zimeokotwa baadaye katika nchi za mbali za Ulaya na Asia. Mtu akifika mwezi ukiwa mpevu, huenda asione ila ndege wachache.

Nairobi ni pa kulala tu. Naivasha, ziwa la maji matamu, hutosha siku moja kwa furukombe na ndege wa majini. Vitabu vya zamani humpeleka mgeni Nakuru kutazama heroe kwa malaki. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, magadi ya Nakuru yakapungua nguvu, na chakula cha heroe, ambacho ni mwani mdogo sana, kikapungua nacho. Wengi wao sasa huonekana Bogoria. Hata hivyo yafaa kuuliza kwanza, kwani heroe huweza kuhama kwa usiku mmoja. Baringo ni karibu na hapo, nchi ya joto na miiba, yenye ndege wa nchi kame wasiopanda mpaka Naivasha.

Katika Kisumu, asubuhi moja ya mtumbwi katika mafunjo ya Dunga yatosha kumtafuta tiva wa mafunjo, mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Mafunjo hayo hayo wenyeji hukata kwa kusuka mikeka na vikapu. Yakikatwa kwa zamu huota tena. Yakichomwa moto au kugeuzwa shamba, tiva hana pa kwenda.

Siku za mwisho ni za Kakamega, kipande cha mwisho katika Kenya cha msitu wa mvua wa namna ya Kongo. Kulukulu mkubwa wa buluu, aliye mkubwa kuliko kulukulu wote, hupita juu ya miti pamoja na hondohondo. Darubini iwe shingoni kabla ya saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kwa sababu mchana mara nyingi mvua hunyesha, na baada yake msitu hunyamaza hata jioni.